Walowezi walianza lini kujiona taifa? Msaada wa mada ya mdahalo

MwalimuKasulu

Habari za jioni wakuu. Klabu ya historia ya kidato cha sita ina mdahalo Jumamosi ijayo, mada ni "Utaifa wa makoloni ya walowezi ulizaliwa vitani". Upande unaounga mkono umeshajaza daftari: Gallipoli na Vimy za Vita ya Kwanza ya Dunia, vita vya Makaburu. Upande unaopinga hawana pa kushika.

Swali lenyewe ni hili. Mtu katoka Uingereza, anaongea Kiingereza, picha ya Mfalme iko ukutani kwake. Anafika lini mahali pa kusema "mimi si Mwingereza, mimi ni Mwaustralia"? Vitabu tulivyonavyo vinaruka: leo ni koloni, kesho lina bendera na wimbo. Naomba hatua zenyewe, miaka, na sheria ambazo naweza kuziandika ubaoni.

La pili, wanafunzi huuliza kila mwaka: mbona Kenya na Rhodesia walowezi walitaka nchi iwe yao, na Tanganyika hawakufika mbali? Kigoma hapajawahi kuwa na mashamba yao makubwa, kwa hiyo mifano ya karibu itasaidia.

Isevya_Tabora

Mwangaluka mwalimu. Kabla ya miaka, wasaidie kwanza kutenganisha watu, maana hapo ndipo insha nyingi zinapoharibika. Si kila Mzungu aliyeishi Afrika ni mlowezi. Bwana Shauri aliyekaa Kasulu miaka mitatu akarudi kwao na pensheni yake si mlowezi. Mlowezi ni yule aliyekuja kubaki, akazaa, akazika, na akataka kutawala mahali pale bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Walowezi nao wako namna mbili. Kuna waliotaka ardhi bila wenyewe, kama Australia na Kanada, na kuna waliotaka ardhi pamoja na mikono ya wenyewe, kama Afrika Kusini, Rhodesia, Kenya na Algeria. Wa kwanza waliishia kuwa wengi kuliko wenyeji. Wa pili walibaki wachache siku zote, na hofu ya uchache ndiyo iliyowapikia siasa zao.

Sasa jibu. Utaifa wa walowezi ni kama mji wenye nyua mbili. Ua mmoja unamtenga na nchi mama, mwingine unamtenga na mwenyeji. Wanafunzi huutazama ule wa kwanza tu, kwa kuwa ndio wenye bendera. Lakini ua wa mwenyeji hujengwa mapema, kwa sheria, na ule wa nchi mama huja pole pole, mara nyingi nusu karne baadaye. Angalia Australia:

1 Januari 1901 makoloni sita yanaungana. Katiba ile ile, kifungu cha 127, inasema katika kuhesabu idadi ya watu wa nchi wenyeji wa asili wasihesabiwe. Kabla mwaka haujaisha bunge jipya linapitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Sheria haikutaja rangi. Ilimpa ofisa wa bandarini uwezo wa kumsomea mgeni imla ya maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, na lugha anachagua ofisa. Akija Mchina anayejua Kiingereza, anasomewa Kijerumani. Mwaka 1934 walitaka kumzuia mwandishi wa habari mkomunisti kutoka Prague, Egon Kisch. Kwa kuwa alijua lugha nyingi, wakamsomea Kigaeli cha Uskoti. Ikabidi Mahakama Kuu iamue kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, ndipo akapona. Jaribio hilo la imla lilidumu hadi 1958.

Mwaka 1902 ikaja sheria ya uchaguzi. Wanawake weupe wakapata kura, jambo kubwa kwa wakati ule. Sheria hiyo hiyo ikawazuia "wenyeji wa asili wa Australia, Asia, Afrika au visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand", ila waliokwisha kuwa na haki hiyo kwenye jimbo lao. Afrika imetajwa kwa jina, na ni vizuri wanafunzi waione.

Na uraia wa Australia? Haukuwepo kisheria hadi 26 Januari 1949. Kanada walitangulia kidogo, 1 Januari 1947. Kwa hiyo kwa karibu miaka 48 palikuwa na taifa la Australia lenye sheria kali za nani asiingie, huku watu wake kisheria wakiwa raia wa Mfalme wa Uingereza tu. Kifungu cha 127 kilifutwa kwa kura ya maoni ya 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 walikubali. Dai kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe lilivunjwa mahakamani 1992, kwenye kesi ya Mabo.

Hapo upande unaopinga unapata silaha: ua wa mwenyeji ulikuwa umesimama miaka 14 kabla ya Gallipoli.

ReliYaKati

Naongezea kwa Isevya. Watu hudhani Waaustralia walijiona kitu kimoja kwanza, ndipo wakaungana. Reli inakataa. New South Wales walijenga reli ya upana wa milimita 1,435, sawa na SGR yetu. Victoria wakajenga 1,600. Queensland wakajenga 1,067, sawa na TAZARA. Abiria wa Sydney kwenda Melbourne alishuka Albury mpakani, na mizigo yake, akapanda treni nyingine, na kabla ya 1901 palikuwa na ushuru wa forodha kati ya koloni na koloni. Usumbufu huo wa kubadili treni uliendelea hadi 1962. Watu wasiokubaliana hata upana wa reli walikubaliana haraka sana juu ya nani asiingie nchini. Huo ndio mnyororo uliowafunga pamoja.

Kilichosaidia ni kizazi. Kufikia sensa ya 1901, karibu asilimia 77 ya waliohesabiwa walikuwa wamezaliwa huko huko. Mtoto aliyezaliwa pale hana "nyumbani" kwingine ila kwa kusimuliwa. Mwambie mwanafunzi aanze na swali hili kila mara: wangapi walizaliwa hapo? Bila hilo, wimbo na bendera havina wa kuvibeba.

Ila mfano wenye utamu zaidi ni Makaburu, kwa kuwa kwao lugha ndiyo iliyofanya kazi. "Boer" kwa Kiholanzi ni mkulima tu, na hilo ndilo tulilolifanya "kaburu". Walifika Rasi ya Tumaini Jema, ilipo Cape Town, 1652 na Jan van Riebeeck. Lugha waliyokuja kujivunia, Kiafrikana, ilikuwa ya jikoni na shambani, imechanganywa na watumwa, Wakhoikhoi na watu wa Kimalei. Wakubwa waliandika Kiholanzi cha kanisani, na Kiafrikana wakakidharau. Kati ya vitabu vyake vya mwanzo kimo kile cha fikihi cha Abu Bakr Effendi, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877, kwa herufi za Kiarabu, kwa ajili ya Waislamu wa Cape Town. Sisi tuliorithi Kiswahili cha herufi za Kiarabu tunaelewa hilo upesi.

Sasa tazama lugha hiyo inavyochukuliwa. 1875 pale Paarl wanaunda chama cha kuitetea, na 1876 wanaanzisha gazeti, Die Patriot. 1925 bunge linaifanya lugha rasmi pamoja na Kiholanzi. 1933 Biblia nzima inatoka. Ndani ya miaka 58 lugha ya jikoni imekuwa lugha ya Mungu na ya serikali, na wale wa Cape Town waliokuwa wa kwanza kuiandika wamewekwa nje ya uzio kwa ajili ya rangi yao.

Na msiruke 1938. Chama cha utamaduni kilichoanzishwa na wafanyakazi wa reli ndicho kilichopanga magari ya kukokotwa na ng'ombe yatoke Cape Town hadi Pretoria kuadhimisha miaka 100 ya Safari Kuu, Makaburu walipohama Rasi kwenda bara. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu Makaburu wengi walikuwa wamefukarika, wamehamia mijini, wanafanya kazi chini ya mabosi wanaoongea Kiingereza. Magari yakipita, watu wanavaa nguo za mababu, wanabatiza watoto kando ya magurudumu, mitaa inapewa majina mapya. Tarehe 16 Desemba likawekwa jiwe la msingi la mnara, siku ya vita vya 1838 dhidi ya Wazulu. Miaka kumi baadaye, 1948, chama cha ubaguzi kikashinda uchaguzi.

Kwa hiyo vita vya 1838 havikuzaa utaifa siku ile. Vilifanyiwa kazi baada ya miaka 100.

MwalimuKasulu

Asanteni sana, hii ni hazina. Lakini najua mwanafunzi mmoja atasimama aseme: "Sawa, sheria zilikuwepo, ila moyo wa watu ulibadilika Gallipoli." Nimjibuje?

DadaGungu

Mwalimu, usimwambie amekosea kabisa. Mwulize: waliokufa walikufa kwa ajili ya nani?

Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya vita, Andrew Fisher, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwezi Septemba, aliahidi kuisaidia Uingereza "mpaka mtu wetu wa mwisho na shilingi yetu ya mwisho". Neno "wetu" hapo ni la mtoto ndani ya familia ya dola la Kiingereza. Uingereza ilipotangaza vita, Australia ikawa vitani moja kwa moja, hakuna aliyewauliza. Walitua Gallipoli 25 Aprili 1915, wakaondolewa Desemba, zaidi ya Waaustralia 8,000 wamekufa. Waliokwenda pale walijiona Waingereza wa aina bora, waliokomazwa na jua na farasi. Kujitenga hakukuwa akilini mwao.

Kilichofanya kazi ni kumbukumbu: maadhimisho kuanzia 1916, minara kwenye kila mji mdogo, majina yaliyochongwa, masomo ya shule. Kama anataka ushahidi wa watu kuanza kuwa na mawazo yao wenyewe, achukue kura mbili za maoni, 1916 na 1917, kuhusu kulazimisha vijana kwenda vitani ng'ambo. Zote zilikataliwa, vita vikiwa vimepamba moto. Kwangu mimi hizo zina uzito kuliko ufukwe wa Gallipoli, ingawa hazina mnara.

Jambo la pili ambalo halijaguswa: mlowezi akitaka kujitofautisha na nchi mama, huazima vitu vya yule yule mwenyeji aliyemfungia nje. Tarehe 16 Desemba 1773, bandarini Boston, waliotupa chai ya Uingereza baharini walijivika kama Wamohawk, kabila la wenyeji wa Amerika, na nyuso wamezipaka. Mavazi yale yalisema "sisi ni wa ardhi hii". Miaka isiyofika mitatu baadaye, katika Tangazo la Uhuru la 4 Julai 1776, wenyeji wanaitwa washenzi wasio na huruma, na Mfalme analaumiwa kwa kuwachochea. Nyuma ya lawama hizo kuna ardhi: 1763 Mfalme alikuwa amewakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Nyua zote mbili za Isevya zimo kwenye karatasi moja. Jina Kanada lenyewe ni neno la wenyeji lenye maana ya kijiji. Haka ya New Zealand, ile ngoma ya Wamaori, iko hivyo hivyo, ingawa Wamaori walikuwa na Mkataba wa Waitangi wa 1840 wa kushikilia, na lugha yao ikawa rasmi 1987.

Sasa Rhodesia, maana kushindwa nako kunafundisha. 1922 walowezi walipiga kura wasiungane na Afrika Kusini, 8,774 kwa 5,989, wakapata serikali yao ya ndani. Mpaka hapo wanakwenda vizuri. Kisha idadi yao ikafura kwa wageni: takribani 82,000 mwaka 1946, zaidi ya 220,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wao hawakuzaliwa pale, na walikuwa kama asilimia tano tu ya watu wote. Tarehe 11 Novemba 1965 wakajitangazia uhuru, na hati ya kujitangazia ikaisha kwa kumwombea Malkia. Bendera yao ya kijani na nyeupe ikapandishwa 1968. Malkia akaachwa 1970, nao wakabaki bila wimbo hadi 1974, wakachukua muziki wa Beethoven ambao Baraza la Ulaya lilikuwa limeshauchukua 1972. Hakuna nchi hata moja iliyowatambua rasmi. 1980 ikaja Zimbabwe.

Vifaa vyote walikuwa navyo: bendera, wimbo, sarafu, jeshi. Walikosa kizazi kilichozaliwa pale, na ua wao ulikuwa umewafungia nje watu asilimia 95.

Mkiwa na nafasi, gusieni Liberia, ili mwanafunzi asidhani ulowezi ni rangi. Watu weusi waliotoka Marekani walitangaza uhuru 1847, na kaulimbiu kwenye nembo ya taifa ikasema kupenda uhuru ndiko kulikotuleta hapa. Yule aliyekuwepo tangu babu wa babu, ambaye hakuletwa na kitu, yumo kwenye "tu" hiyo? Wazao wa walowezi walishika nchi hadi mapinduzi ya 1980.

MtotoWaUjiji

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Basi Waarabu waliojenga Ujiji na Kazeh (Tabora ya zamani) nao walikuwa walowezi? Kuna mtu ananibishia.

Isevya_Tabora

Swali zuri mdogo wangu. Walikuja, wakajenga, wakaoa, wakazikwa hapa. Lakini Kazeh ilikuwa ndani ya Unyanyembe, na Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake. Mfanyabiashara alikaa kwa makubaliano, na mzozo wa ushuru ulipozuka na mtemi Mnywa Sere, waliingilia ugomvi wa kiti wakamsaidia Mkasiwa. Hiyo ni siasa ya mgeni mwenye bunduki na mali, na ilileta madhara, hasa ukiongeza biashara ya watumwa. Ila hawakuunda bunge lao, wala daftari la nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Watoto wao wakaongea Kiswahili na Kinyamwezi. Wamanyema wa Ujiji nao walikuja kutoka ng'ambo ya ziwa wakawa watu wa mji. Kuhamia na kulowea kwa maana ya koloni ni vitu viwili.

Narudi kwa mwalimu, swali la Tanganyika.

Walijaribu. Wajerumani walikaa Usambara na Meru, na Makaburu walifika upande wa Arusha mwanzoni mwa karne. 1925 Lord Delamere wa Kenya aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, wazo likiwa kuziunganisha nchi hizi chini ya walowezi. Vilivyowazuia ni vitatu. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo London haikuweza kuigawa kama shamba lake. Sheria ya ardhi ya 1923 ilifanya ardhi kuwa ya umma, mtu anapewa haki ya kuikalia hadi miaka 99, hamiliki moja kwa moja. Halafu walowezi wenyewe walikuwa mchanganyiko: Wajerumani walioruhusiwa kurudi 1925, Wagiriki wa mkonge, Waingereza, Makaburu. Hawakuwa na shule moja, kanisa moja wala kumbukumbu moja. Kufikia sensa ya 1957 Wazungu walikuwa takribani 20,000 kati ya watu karibu milioni 9. Kenya walikaribia 60,000.

Wanafunzi wako wasiseme Kigoma haihusiki. Mikono ya mashamba yale ilitoka kwenu. SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge ya kuandikisha vibarua, ilichukua manamba Kasulu na Kibondo kuwapeleka Tanga na Morogoro. Mzee aliyepewa namba badala ya jina ndiye upande wa pili wa ua.

Na mfano wa karibu kuliko yote uko hapa Tabora. 1955 Baraza la Kutunga Sheria liligawanywa viti kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Hebu fikirini: milioni nane na zaidi viti kumi, elfu ishirini viti kumi. 1956 kikaanzishwa chama cha UTP (United Tanganyika Party) kutetea mpango huo. Kwa uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura akalazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, na kupiga kura kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani. Januari 1958 TANU wakakutana Tabora. Wengi walitaka kususa. Nyerere akashawishi waingie, na huo ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake.

Wanafunzi wengi huishia hapo, kwamba ilikuwa mbinu ya kushinda. Mbinu ilikuwepo, na ilifanikiwa, UTP ikafa. Lakini tazama kilichotokea kwenye sanduku: Mwafrika wa Unyanyembe akamchagua Mzungu anayekubaliana na TANU, na Mzungu yule akaenda barazani kwa kura za Waafrika. Derek Bryceson, mkulima mlowezi, akaja kuwa waziri. Viti vya rangi vikaacha kuwa na maana kabla ya kufutwa. Kisha Oktoba 1961, uraia ulipojadiliwa, baadhi ya wabunge walitaka uwe wa Waafrika tu. Nyerere akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Sheria ikapita: aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja kazaliwa hapa, ni raia, rangi yoyote. Wengine wakapewa miaka miwili kujiandikisha, kwa sharti la kuacha uraia mwingine.

Hao wabunge si wa kuchekwa. Watu waliofungiwa nje miaka 70 walikuwa na hasira ya haki. Ila walichotaka kilikuwa ua ule ule, umegeuzwa tu.

DadaGungu

Mwalimu, neno la mwisho la kiufundi. Kila kikundi usikipe bendera wala wimbo. Kipe vitu vinne vya nchi moja: sheria ya kwanza ya uhamiaji, maelekezo ya sensa ya nani ahesabiwe, tarehe ya sheria ya uraia, na sikukuu ya taifa pamoja na mwaka ilipoanza kuadhimishwa. Waandike miaka kwenye mstari mmoja ubaoni. Kosa watakalofanya ni kuandika mwaka wa tukio badala ya mwaka wa kuanza kuadhimisha, kwa hiyo simama karibu na ubao hapo.

MwalimuKasulu

Nimeelewa. Naanza na Australia na Tanganyika, mistari miwili sambamba. Isevya, nitakutafuta pembeni kuhusu mkutano wa Tukuyu.